Mpaka Chokaa wa Makaburini na Dari ya Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Ramlia ulioko ndani kabisa ya jangwa, ambako mvua huja mara moja kwa mwaka na kuondoka bila kuaga, palikuwa na Sultani jina lake Jabiri. Huyu alitawala watu, ngamia na mchanga, na mchanga ndio uliokuwa mwingi. Mimi ninayewasimulia ni mtu wa Ramlia, na baba yangu wa Ramlia, kwa hiyo mtakaposikia upumbavu humu ndani msidhani nawasengenya watu wengine. Nawasema jamaa zangu. Waziri wa Sultani huyo, aitwaye Shaibu, ndiye babu wa babu yangu, na sina pa kumficha.

Basi nyumba zetu hazikuwa na mapaa ya mgongo kama nyumba za nchi za mvua. Zilikuwa na dari bapa: zilipangwa boriti, juu ya boriti ikatandikwa mikeka, juu ya mikeka mawe na udongo ulioshindiliwa kwa vipande vya magogo, ikawa mtu aweza kupanda huko juu akaanika tende zake. Na kitu adimu kuliko vyote kilikuwa ni boriti, kwani mti wa Ramlia ulikuwa mmoja, nao ulikuwa umekauka. Boriti zote zililetwa na misafara ya ngamia zamani za mababu, na misafara hiyo ilikuwa imekwisha kuacha kuleta miti.

Sasa sikieni mila yetu. Kwetu Ramlia chokaa nyeupe ilikuwa ni ya makaburi. Maiti akizikwa hujengewa kaburi la mawe, likapakwa chokaa likang'aa. Mtu aliye hai hakuthubutu kupaka chokaa hata ukuta wa jiko, asije akajiitia mauti. Na Sultani, kwa kuwa alihesabiwa kuwa hai kuliko sote, dari yake ilipakwa lami, nyeusi tititi, ndiyo rangi ya enzi. Basi mchana jua likaichemsha ile lami, usiku baridi ya jangwani ikaikaza, ikawa inavimba na kusinyaa, inavimba na kusinyaa, hata ikapasuka. Mvua ile moja ya mwaka ikija, ikaingia katika nyufa, boriti zikaoza, na kila mwaka wa tatu dari ya Sultani ikabomolewa na kujengwa upya.

Na boriti mpya zilitoka wapi? Zilitoka juu ya vichwa vya watu. Askari walipita mtaani, wakachagua nyumba, wakatia boriti alama za makaa, kisha wakaja kuzing'oa. Wenye nyumba walikaa chini ya anga tupu wakaambiwa wafurahi, maana boriti zao zimepanda cheo. Na sisi, wallahi, wapo kati yetu waliofurahi.

Basi mjini humo palikuwa na mtu fukara jina lake Hamduni, kazi yake kuchoma mawe ya chokaa na kupaka makaburi. Hapakuwa na kazi duni kuliko hiyo. Watu wakimwona njiani huvuka upande wa pili, asije akawatazama kwa kuwapima urefu. Mwenyewe hakukasirika. Akiulizwa kama aipenda kazi yake hujibu, "Naipenda sana. Wateja wangu hawajapata kunilalamikia hata siku moja." Mshahara wake ulikuwa sahani ya wali wa matanga, ikawa akishiba ujue kuna waliolia.

Hamduni alikaa na mkewe Jokha katika nyumba ya mama yake Jokha, ajuza mmoja aitwaye Bi Mize. Nyumba hiyo zamani ilikuwa na vyumba viwili. Miaka mitatu nyuma askari walikwisha kung'oa boriti za chumba kimoja, ikabaki kuta nne na mbingu, na Bi Mize akawa amefuga kuku humo. Sasa wote watatu walibanana katika chumba kilichosalia, chenye boriti saba.

Ikawa asubuhi moja askari wakaingia bila hodi, wakapanda juu ya kigoda, wakatia alama ya makaa katika boriti ya kwanza, ya pili, hata zikatimia saba. Bi Mize alikuwa amelala kitandani miguu inamuuma. Akazitazama zile alama moja moja. Kisha akasema, "Hamduni mwanangu, boriti ile ya katikati ndiyo iliyofungiwa kamba ya kitanda cha kubembelezea mkeo alipokuwa mchanga. Alama ya kamba ingalipo. Sasa wataka nikafie kwa kuku?"

Jokha akageuka uso ukutani akalia. Na Hamduni, aliyezoea kuwaona watu wakilia kila siku bila kumpunguzia hamu ya chakula, siku hiyo alishindwa hata kunywa maji. Akaona aibu kubwa, kwa kuwa ni mkwe anayekaa nyumba ya mkewe, na hata nyumba hiyo ameshindwa kuilinda. Akavaa kanzu yake ya pekee, yenye madoa ya chokaa tangu kola hata pindo, akaenda barazani kwa Sultani.

Akafika akamkuta Sultani amekaa kitini, na Waziri Shaibu kulia kwake, na wakuu wote wamekaa chini peku, kwani ilikuwa mila mbele ya Sultani asivae viatu mtu ila yeye peke yake. Nao walikuwa katika shauri la dari. Sultani akasema, "Enyi wakuu wangu, tangu nitawale nimejenga dari nne. Niambieni, kwa nini dari yangu haidumu?"

Waziri Shaibu akainama akasema, "Ewe Maulana, dari yako haidumu kwa kuwa utukufu wako ni mzito, nayo haiwezi kuubeba."

Wakuu wote wakasema, "Naam! Naam!" Na Sultani akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeambiwa jambo la kweli lenye kuhuzunisha. Mara kikasikika kicheko huko nyuma mlangoni.

Sultani akasema, "Nani anayecheka?"

"Ni mimi, Bwana wangu," akasema Hamduni. "Hamduni, mpaka chokaa wa makaburini."

Watu wakamwachia nafasi upesi, wengine wakatema mate vifuani mwao kujikinga. Sultani akasema, "Wanicheka mimi?"

"Hasha, Bwana wangu. Najicheka mwenyewe. Mimi ni mjinga, na tangu utoto nilidhani dari hupasuka kwa jua. Nilidhani jua huipiga mchana, baridi huibana usiku, ikachoka kama punda asiyepumzishwa. Kumbe ni utukufu! Basi nimepoteza miaka arobaini kwa kudhani."

Sultani alikuwa mtu wa hasira, tena alipenda kuonekana mwerevu mbele ya watu. Akasema, "Basi jua ndilo adui wa dari?"

"Ndivyo nilivyodhani, Bwana wangu. Dari isiyoguswa na jua haipasuki."

"Vema," akasema Sultani, akawatazama wakuu wake kwa jicho la furaha. "Tangu mwezi uandamapo kesho hata uandame mwingine, nataka jua lisiiguse dari yangu. Wala sitaki hema juu yake, wala makuti, wala turubai, wala watu wenye miavuli. Nikisimama uani nataka niione mbingu juu ya jumba langu, tupu kama kawaida, na jua linawaka, na dari haikuguswa. Ukiweza, boriti zako zitabaki zilipo. Ukishindwa nitazichukua, nawe utatoka nje ya mji kwa miguu, saa sita mchana, bila kiriba cha maji. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana wangu," akasema Hamduni, akainama.

Wakuu wakacheka hata wakashikana mabega. Babu yangu Shaibu alicheka kuliko wote, kwani kucheka pamoja na Sultani ndiyo ilikuwa kazi yake, naye aliifanya kwa bidii.

Hamduni akarudi nyumbani akaeleza. Jokha akapiga kofi paja lake akasema, "Ole wangu! Nilikwambia kila siku, mume wangu, ulimi wako huu utatuua. Ulikwenda kuomba boriti, umerudi umeuza na roho yako! Nani awezaye kulizuia jua?"

"Hakuna, mke wangu."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitapaka chokaa," akasema Hamduni.

"Juu ya dari ya Sultani? Chokaa ya makaburi? Wee Hamduni, una wazimu?"

"Mke wangu, ningejua kazi nyingine ningefanya hiyo. Lakini mimi najua moja tu, na hiyo nayo najua nusu. Kaburi la babu yake Sultani nililipaka mimi, na baba yangu kabla yangu. Lina miaka tisini juani, halina ufa hata wa kuingia sisimizi. Mimi si mwerevu. Mimi ni mtu niliyetazama kitu kimoja kwa muda mrefu."

Bi Mize akasema kutoka kitandani, "Mwache aende. Akifa tutampaka vizuri."

Basi siku ya pili Hamduni akapanda juu ya jumba la Sultani na mitungi yake. Nanyi jueni ya kuwa dari bapa ina ukuta mfupi pande zote, hata mtu aliyesimama uani haoni kilichoko juu. Ikawa Sultani akitoka kila siku na kutazama juu, anaiona mbingu, haoni hema wala mwavuli, naye hucheka akarudi ndani. Ama Hamduni huko juu alikuwa akibandua lami iliyoumuka, akifagia, akiziba nyufa kwa chokaa iliyokandwa pamoja na manyoya ya mbuzi. Nyufa zilipokauka akaanza kupaka. Akapaka tabaka nyembamba, akangoja ikauke, akapaka ya pili, akangoja, akapaka ya tatu. Aliilowesha kila jioni ili isikauke kwa pupa ikavunjika. Chokaa aliichukua katika shimo lake mwenyewe, ile aliyoiweka kwa ajili ya wateja, na kwa bahati hakufa mtu mwezi ule. Au kama alikufa, alivumilia.

Tabaka ya mwisho akaitia mafuta ya ufuta kidogo, akaisugua kwa kitako cha chupa mpaka ikawa laini, maji yakimwagwa juu yake yanateleza yakakimbilia mferejini. Lakini hakupaka kila mahali. Mlangoni mwa ngazi, pale mtu anapotokezea kabla ya kukanyaga dari yenyewe, aliacha lami nyeusi, upana wa hatua sita. Akiulizwa mwenyewe kwa nini, angesema chokaa ilikwisha. Mimi siamini.

Siku ya ishirini Waziri Shaibu akapanda ngazi kwa kunyata, akachungulia. Akamwona Hamduni amepiga magoti juu ya weupe mtupu, chupa mkononi. Babu yangu akashuka mbio, moyo unamdunda kwa furaha, maana aliona mtu amejiangamiza mwenyewe. Akaazimia kuficha habari ya chokaa mpaka siku ya hukumu, ili hasira ya Sultani ije mbichi. Akamwambia Sultani neno moja tu: "Bwana wangu, yule fukara hana ajualo. Nimemwona kwa macho yangu, anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Wote hujaribu," akasema Sultani, akapiga mwayo. Kwani mwezi ule alikuwa akilala usingizi mzuri wa mchana, chumba kimepoa, hatoki jasho, hata wapepeaji wake walikuwa wakisinzia kwa kukosa kazi. Alimuuliza Waziri sababu ya ubaridi huo, na Waziri akajibu kwamba ni upole wa moyo wake Sultani unaoenea vyumbani. Sultani akaona ni jambo linalowezekana.

Basi mwezi ukapita, siku ikafika. Saa sita mchana Sultani akapanda ngazi, amevaa makubadhi mazito ya ngozi, na nyuma yake Waziri na wakuu wote peku kama ilivyo mila. Wakatokeza juu, wakasimama palepale juu ya lami. Mbele yao dari yote ilikuwa nyeupe, inameremeta hata wakafumba macho. Na Hamduni amesimama katikati yake na chupa yake.

Waziri Shaibu akapiga ukelele, "Kaburi! Enyi watu, Maulana wetu amezikwa hali yu hai! Amepakwa chokaa! Mimi, wallahi, sitakanyaga kaburi hili mpaka nife!"

Wakuu wote wakaapa vivyo hivyo. Sultani uso ukamwiva, akasema, "Ewe Hamduni, nimekwambia jua lisiiguse dari yangu. Jua hilo hapo! Nawe umeongeza na matusi. Umenifanya maiti."

Hamduni akainama mpaka chini. Akaanza kujibu, naye alijibu taratibu mno. "Ewe Bwana wangu, Sultani mwana wa Sultani, mjukuu wa Sultani, Mungu akuzidishie afya, na ahli yako, na ngamia zako, na wana wa ngamia zako. Mimi mtumwa wako sikusoma. Nilisikia jua lisiiguse dari. Nami nikaenda nikajiuliza, dari ni nini? Nikajijibu, dari ni boriti, na mikeka, na mawe, na udongo, na lami. Sasa nakuuliza kwa adabu, Bwana wangu: ukivaa kanzu ukatoka nje, jua likaipiga kanzu, je, husemwa jua limegusa kiuno cha Sultani?"

"Haisemwi," akasema Sultani.

"Basi jua limegusa chokaa, Bwana wangu. Dari iko ndani ya kanzu yake, haijaliona jua tangu mwezi uandame. Wala sikuweka hema, wala makuti, wala turubai, wala..."

Hapo mkuu mmoja wa nyuma akainua mguu wa kulia. Akauteremsha, akainua wa kushoto. Mwingine akaanza naye. Kwani lami ya saa sita ya jangwani, ndugu zangu, mtu akiivunjia yai huliokota limeiva.

"...wala watu wenye miavuli," Hamduni akaendelea, hana haraka. "Nami nakumbuka, Bwana wangu, siku uliponipa amri ile ilikuwa siku njema, na upepo ulikuwa wa upande wa kaskazini, na mtukufu Waziri alikuwa amevaa kilemba cha..."

Mkuu wa kwanza akaguna, akaruka, akatua juu ya chokaa. Akasimama. Uso wake ukafunguka. Wa pili akamfuata, na wa tatu, wakawa wanaruka mmoja mmoja. Akabaki Shaibu peke yake juu ya nyeusi ya enzi, anakanyaga huku anainua, jasho linamtoka, macho yamemtoka. Alivumilia kidogo, na hilo nalisema kwa fahari, maana ndilo pekee la fahari katika ukoo wetu. Kisha akakusanya joho lake mpaka magotini, akaruka mruko mmoja, akaangukia katikati ya wenzake.

Sultani, ambaye makubadhi yake yalimkinga, akageuka nyuma asione mtu. Akageuka mbele akawaona wakuu wake wote wamejazana juu ya weupe, wamefarijika.

Akasema, "Shaibu, uko wapi?"

"Niko... niko kaburini, Bwana wangu."

"Na huko kaburini kukoje?"

Babu yangu akatazama miguu yake. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akasema kweli, maana nyayo zilikuwa zimemtangulia. "Kuzuri, Bwana wangu. Kuna baridi."

Sultani akavua kubadhi moja, akagusa lami kwa kidole cha mguu, akasema "Ah!" akakirudisha. Akavuka hata kwenye chokaa, akavua yote mawili, akasimama peku mbele ya watu wake, jambo ambalo halijapata kuonekana. Kisha akasema, "Lakini nimeambiwa wewe ulikuwa ukinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Ni kweli, Bwana wangu," akasema Hamduni, akainua chupa yake. "Chupa ndiyo hii, na mafuta ni ya ufuta. Lakini niliyoipaka ni dari, si wewe. Wewe unapakwa na hawa. Tena wakupaka kila siku, asubuhi na jioni, nawe umekuwa laini, huingii maji. Dari yako masikini ndiyo iliyoachwa bila kupakwa kitu cha maana, na ndiyo maana ikapasuka."

Wakuu wakaacha kuvuta pumzi. Hamduni mwenyewe alipojisikia alivyosema akakumbuka maneno ya mkewe juu ya ulimi, akafumba macho kungoja. Sultani akamtazama Shaibu. Akatazama makubadhi yake. Kifua chake kikaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka kikubwa, hata akashika ukuta. "Utukufu wangu ni mzito!" akasema, machozi yanamtoka. "Nami nikaamini! Enyi watu, mimi ni mpumbavu wa namna gani!" Wakuu kwa mazoea wakasema, "Naam! Naam!" kisha wakajiziba midomo. Sultani akacheka zaidi.

Alipotulia akasema, "Hamduni, boriti zako saba ni zako. Wala tangu leo haing'olewi boriti ya mtu kwa ajili ya dari yangu. Sasa omba utakalo."

Hamduni akasema, "Bwana wangu, mimi sina nitakalo. Lakini mama mkwe wangu, miaka mitatu iliyopita, zilichukuliwa boriti zake sita, nazo ziko hapa chini ya nyayo zetu. Na nyingine ni za watu wengine."

"Zile siwezi kuzirudisha," akasema Sultani, akakunja uso. "Nikizitoa dari itaniangukia."

"Usizitoe, Bwana wangu. Hapa zina kanzu njema, zitadumu. Ninachoomba ni ruhusa kwa wenyewe waje kuziangalia."

Sultani akafikiri, asione hasara yoyote, akasema, "Waje siku ya Ijumaa." Na hilo ndilo kosa alilofanya.

Basi Ijumaa ya kwanza wakaja. Nao hawakuja wachache, kwani Ramlia nzima ilikuwa na boriti katika dari ile. Wakaingia chumba cha kulala cha Sultani, maana ndicho kikubwa, wakainua shingo. Huyu akasema, "Ile ni ya baba, ina fundo." Yule akasema, "Hii ni ya kwetu, tulitundika taa hapa." Mwanamke mmoja akakuta jina la mumewe marehemu limechorwa kwa kisu, akasimama chini yake akalia, na Sultani, aliyekuwa pale na kikombe chake cha kahawa, asijue aweke wapi macho. Alikuwa amelala chini ya miti ile miaka mitatu, akidhani anatazama dari. Sasa alijua alikuwa akitazama nyumba za watu. Akaita kahawa iletwe kwa wote.

Bi Mize aliletwa juu ya kiti, akabebwa na Hamduni na Jokha. Alipofika akasema shingo yamuuma kutazama juu, akalala chali katika kitanda cha Sultani, miguu kwenye mito ya hariri, akazihesabu boriti zake sita. Zote zilikuwapo. Hakuna aliyethubutu kumwondoa. Akalala hapo mpaka alasiri, na Sultani akasinzia kitini.

Na ikawa hivyo kila Ijumaa. Watu wakaondoa hofu ya chokaa, wakapaka dari zao, mji ukawa mweupe wote, na wageni wakituona kwa mbali hufikiri ni makaburi makubwa, huteremka kwenye ngamia wakatuombea dua. Nasi huitikia amina, kwa kuwa dua ya bure hatukatai. Nyumba zikapoa, nyufa zikakoma. Ila chokaa nayo huchakaa, na kila mwaka kabla ya mvua sharti ipakwe upya. Mwaka wa pili Sultani alisahau. Ijumaa hiyo wenye boriti walipokuja wakaona doa la unyevu pembeni, wakaanza kunung'unika kwa sauti chumbani mwake, wakamwita mtunzaji mbaya wa mali za watu. Sultani akatafuta Waziri wa kumwagiza, na Waziri kwa aibu ya nyayo zake alikuwa amejifungia nyumbani. Akamtuma mtu kwa Hamduni, na Hamduni akajibu kwamba ana mteja, wala mteja huyo hawezi kungoja.

Basi Ijumaa iliyofuata Bi Mize akataka apandishwe juu ya dari aone mwenyewe. Wakambeba. Wakamkuta Sultani Jabiri yuko peku, amefunga kanzu kiunoni, mikono myeupe mpaka viwikoni, anapaka chokaa. Alipomwona ajuza akasimama wima, akangoja asifiwe, kama alivyozoea tangu kuzaliwa.

Bi Mize akaitazama dari yote, upande huu na upande ule, bila haraka. Kisha akanyoosha mkongojo wake akasema, "Pale pembeni umeruka, mwanangu."

Sultani akatazama pale pembeni. Akachukua ndoo yake, akarudi kupaka.